Chungu cha Upare na Chungu Chetu



Ukurasa huu kwa desturi huzungumza juu ya kuchuma, kuchambua na kuanika, na juu ya bei ya kituoni. Leo twataka kuzungumza juu ya chungu. Huenda wengine wakasema kwamba chungu ni jambo la jikoni wala si jambo la Chama. Sisi twaona ni jambo la Chama hasa. Fedha ya karafuu ikisha kutoka kituoni, aghalabu safari yake ya kwanza ni dukani, na mzigo wake wa kwanza ni gunia la mchele. Bei ya karafuu hatuipangi sisi, na bei ya mchele hatuipangi sisi. Mkulima anayeuza kile asichokula na kula kile asicholima amesimama kati ya bei mbili, na zote mbili ziko mikononi mwa wengine.

Ndipo tukaona yafaa tuwatazame watu wengine, wasiokuwa na bahari wala mikarafuu, ambao chungu chao chaweza kutufundisha kitu. Watu hao ni Wapare, na chungu chenyewe ni cha makande.

Mwanachama aliyewahi kusafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi au Arusha amepita Same, hata kama hakushuka. Mji wenyewe uko chini, upande mkavu, kwenye miiba na mikonge na vumbi jekundu. Msafiri akitazama nje ya dirisha hujiuliza watu wa huku hula nini. Jibu liko juu ya kichwa chake, katika Milima ya Upare, ambayo kilele chake cha Shengena kina mita 2,462. Huko kuna misitu, ukungu, migomba, kahawa na maharagwe. Chini kwenye tambarare kuna joto na mvua ya wasiwasi, na hapo hupandwa mahindi na kunde. Tangu zamani jamaa wengi wa huko wamekuwa na shamba la juu na shamba la chini. Mwaka ambao tambarare imeungua kwa jua, mlima huwa na kitu. Na mwaka ambao mlima umezidiwa na baridi, tambarare huwa na kitu.

Tena maji hawakuyaacha yapite bure. Wamejenga mabwawa madogo wanayoyaita ndiva, ambayo hujaa usiku kutoka kwenye vijito, na asubuhi hufunguliwa maji yakashuka kwa mifereji mpaka mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Ndiva si kazi ya mtu mmoja. Husafishwa kwa pamoja, na asiyefika kazini hujulikana. Sisi tulio katika Chama twaelewa maana ya jambo la namna hiyo.

Basi makande yalizaliwa katika hali hiyo. Hayakubuniwa na mpishi wa hoteli. Ni mahindi na maharagwe, katika chungu kimoja, juu ya moto mdogo, kwa muda mrefu. Mtu akenda shambani asubuhi huacha chungu kinachemka polepole, na mzee mmoja au mtoto mmoja anakitazama. Akirudi, chakula ki tayari, na chakula hicho hukaa tumboni mpaka jioni. Hakihitaji kitoweo pembeni, kwani kitoweo kimo ndani. Hakihitaji duka, kwani kila kitu kimetoka ghalani.

Watanzania hupenda kuwatania Wapare kwa makande yao, na Wapare wenyewe hucheka na kuendelea kula. Lakini tukumbuke kwamba si wao peke yao. Jirani zao wa Taita, ng'ambo ya mpaka, huyaita pure, na neno hilo hilo limo katika Kiswahili chetu cha pwani. Wakikuyu wana githeri yao. Wakamba hukoboa mahindi kwanza, nao huyaita muthokoi. Waarusha na Wameru wana loshoro, yenye mahindi na maziwa ya mtindi. Watu wengi kiasi hicho, kila mmoja kwa lugha yake, hawakuafikiana bure juu ya chungu kimoja.

Sababu yake twaijua siku hizi kwa ushahidi wa wataalamu. Mahindi peke yake hayana protini kamili, yamepungukiwa na baadhi ya vitu ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Maharagwe yanavyo vitu hivyo kwa wingi, lakini nayo yamepungukiwa na vingine ambavyo mahindi yanavyo. Vikikutana chunguni, kila kimoja hulipa deni la mwenziwe. Mtoto asiyepata nyama wala samaki kila siku hupata katika sahani ya makande sehemu kubwa ya kile ambacho angekipata huko. Mabibi wa Upare hawakuhitaji kusoma vitabu ili walijue hilo. Waliwatazama watoto wao wakikua.

Sasa twajua kuna wanachama watakaokunja uso, hasa waliosoma shule za bweni bara. Wao wanayakumbuka makande ya shule, yaliyochemshwa kwa maji na chumvi, maharagwe magumu, mahindi yenye maganda, na wadudu juu yake. Twawaambia hivi: chakula kisihukumiwe kwa mpishi asiyekijali. Hata pilau, ikipikwa kwa watu mia tano bila bizari wala kitunguu, ingekimbiwa. Makande ya nyumbani ni chakula kingine kabisa, na tofauti yao ni maarifa tu. Kwa hiyo twaona yafaa tuyaeleze maarifa hayo waziwazi.

Chukua vibaba viwili vya mahindi makavu na kibaba kimoja cha maharagwe. Mahindi yakobolewe kwanza: yanyunyizie maji kidogo, yatwange kinuni taratibu mpaka maganda yatoke, kisha uyapepete kwenye uteo. Asiyekuwa na kinu hununua yaliyokwisha kukobolewa. Usiku roweka mahindi chombo chake na maharagwe chombo chake. Asubuhi mwaga maji hayo, osha, uanze na mahindi. Yakisha kulainika nusu, tia maharagwe, na hapo moto uwe mkali kwanza, yachemke kwa nguvu si chini ya dakika 10. Maharagwe, hasa yale mekundu, yana sumu yake ya asili ambayo haiondoki ila kwa mchemko wa nguvu, na mtu akila yaliyopashwa moto tu hutapika na kuharisha. Baadaye punguza moto, funika, ongeza maji ya moto kila yanapokauka. Vikiiva vyote, tia kitunguu, nyanya, karoti ukipenda, na tui la pili. Yakikaribia kukauka tia tui zito na chumvi, koroga kwa upawa polepole usiyaponde, epua. Upareni wengine hutia maziwa au samli mahali pa tui. Sisi tunayo minazi, na hapo twadhani tumewazidi.

Neno moja juu ya mahindi yenyewe, na hili mkulima wa karafuu atalielewa upesi kuliko mtu mwingine ye yote. Sisi sote twajua karafuu ikirundikwa kabla ya kukauka hupata joto, huvunda, ikawa mpeta, na hapo bei imekwenda. Mahindi nayo ni vivyo hivyo, ila hasara yake si ya bei tu. Mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota kuvu, na kuvu hiyo huacha sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumu kuvu iliyokuwamo katika mahindi waliyokula. Basi mwenye kununua gunia alijaribu kwanza. Tia punje chache za mahindi katika chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, tikisa vizuri, uache ikae kwa dakika chache. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi hayajakauka. Yaanikwe tena jamvini. Punje zenye rangi ya kijani au nyeusi, zilizobunguliwa au kupasuka, zichambuliwe zitupwe, wala asipewe kuku.

Wapare hawali makande kwa kukosa vingine. Kwenye tambarare ya mashariki, huko Ndungu, Maore na Kihurio, hulimwa mpunga kwa maji ya mifereji, na skimu ya Ndungu ilijengwa kwa msaada wa Japani katika miaka ya mwisho ya 1980. Wali wanao. Ndizi wanazo. Lakini wali haukuyafukuza makande nyumbani. Mchele mwingi huuzwa, mwingine huliwa siku ya wageni, na chungu cha kila siku kimebaki pale pale. Vivyo hivyo na tangawizi ya Mamba Miamba, ambayo imewapatia watu wa Same fedha na hata kiwanda cha kuisindika: wao huiuza, nao huinywa katika chai kila asubuhi. Zao la biashara halijawa mgeni katika nyumba ya mwenye kulilima.

Tugeuke sasa tujitazame wenyewe. Vyakula vyetu ni vingi na vizuri, na havikupungukiwa na akili. Mseto wetu wa mchele na choroko umefuata hesabu ile ile ya makande, nafaka na jamii ya kunde katika chungu kimoja. Muhogo wa nazi na samaki, majimbi, viazi vikuu, shelisheli la nazi, kisamvu, mkate wa mofa wa mtama, boko boko la sikukuu: hivi ndivyo vilivyozilea nyumba zetu. Lakini tujiulize kwa haki, ni vijana wangapi wa wanachama waliofika miaka 18 wanaoweza kuvipika vitatu katika hivyo bila ya kuelekezwa? Mkate wa mofa wengi wanaujua kwa kuununua tu. Majimbi hubaki shambani yakawa magugu. Muhogo umegeuka chakula cha Ramadhani, na baada ya Idi hauonekani. Mahali pake pameshikwa na wali asubuhi ulioporwa, wali mchana na mkate wa unga wa ngano usiku, vyote kutoka nje.

Si kwamba twauchukia wali. Twakumbusha historia tu. Wakati wa vita vikuu, Japani ilipoiteka Burma mwaka 1942, mchele uliokuwa ukiletwa Visiwani kutoka huko ulikatika, na watu wakarudi kwenye muhogo na mtama. Katika miaka ya mwanzo ya 1970, mchele wa kigeni ulipozuiwa kuingia, wazee wetu wanakumbuka muhogo ndio ulioshika nyumba. Mwaka 2008 bei ya mchele ilipanda duniani kote. Tena Julai 2023 Bara Hindi, nchi inayouza mchele mwingi kuliko zote, ilizuia usafirishaji wa mchele mweupe wa kawaida, na zuio hilo halikuondolewa mpaka Septemba 2024. Mara nne hizo, na aghalabu neno lilitolewa mbali na sisi. Nyumba iliyojua kupika muhogo na kunde ilihuzunika kidogo. Nyumba isiyojua kitu ila wali ilikopa.

Na sisi wakulima wa karafuu tuna sababu ya ziada. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Unaweza kuleta neema msimu mmoja, msimu wa pili ukapumzika, na hapana awezaye kuulazimisha. Mwaka wa neema hautuumizi. Unaotuumiza ni ule wa pili, fedha zikiwa zimekwisha, na mkopo wa duka unaosubiri karafuu ambazo hazijatoa hata vikonyo. Karafuu nyingi zimekwisha kuliwa kabla ya kuchumwa, na zimeliwa kwa jina la mchele.

Kuna pingamizi tatu tunazozisikia, nazo zastahili majibu.

La kwanza, wasema makande ni chakula cha maskini. Tunauliza, maskini ni nani? Ni yule mwenye gunia la mahindi na nusu gunia la maharagwe ndani, au yule anayetuma mtoto dukani kila siku kununua nusu kilo ya mchele kwa daftari? Heshima ya nyumba haipimwi kwa weupe wa sahani.

La pili, wasema chungu hicho hula kuni na mkaa. Hili ni kweli, wala hatulikanushi. Mahindi yasiyorowekwa yanaweza kukaa motoni saa tatu au nne. Lakini kurowekwa usiku kucha na kukobolewa hupunguza muda huo sana, na chungu kimoja hupikwa kwa siku nzima, mchana na usiku, mahali pa kuwasha moto mara tatu. Mwenye sufuria ya kufunga kwa mvuke atashinda zaidi. Na asiache chungu kilichopoa kikalala nje. Joto letu la pwani si baridi ya Shengena, na maharagwe huchacha upesi.

La tatu ndilo zito kuliko yote. Wasema, hata hayo mahindi na maharagwe si yetu, yatoka bara, basi tofauti iko wapi? Twajibu kwamba kwanza, safari ya kuvuka mkondo kutoka Tanga si safari ya kuvuka bahari kutoka Asia. Lakini jibu letu kubwa ni jingine. Hatuwaambii wanachama wawe Wapare. Twawaambia wajifunze mpango wa Wapare: kuunganisha kile kinachotoka katika ardhi yako mwenyewe, ukakitia chakula cha jamii ya kunde pembeni yake, ukakiweka akiba, ukajua kukipika vizuri hata kikatamanika. Mahali pa mahindi sisi tuna muhogo, mtama, majimbi na shelisheli. Mahali pa maharagwe tuna kunde, choroko na mbaazi, ambazo hustawi hata kwenye ardhi hafifu ya maweni. Muhogo uliopikwa pamoja na kunde kwa tui la nazi ni ndugu halisi wa makande, na kila kilichomo chaweza kutoka shambani kwetu. Muhogo una wanga mwingi na protini kidogo sana, na kwa sababu hiyo kunde si pambo katika chungu hicho, bali ni nguzo.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne.

Kwanza, kila mwanachama akipokea fedha yake ya kwanza ya msimu, kabla ya kununua kitu kingine, aweke akiba ya chakula kikavu ya miezi mitatu: kunde au choroko za kwetu kwanza, kisha mahindi na maharagwe. Iwekwe pakavu, juu ya sakafu, na ijaribiwe kwa chupa na chumvi kama tulivyoeleza.

Pili, kila nyumba ichague vyakula vitano vya kwao, na kila mtoto avijue kabla hajaondoka nyumbani. Sisi tungeanza na hivi: muhogo na kunde za nazi, mseto wa choroko, majimbi au shelisheli la nazi, mkate wa mofa, na makande. Nyumba nyingine itakuwa na orodha yake, na hilo ni sawa.

Tatu, tusiseme mtoto wa kike peke yake. Wakati wa msimu, vijana wa kiume huenda dago, hukaa huko majuma kadhaa, na hula mikate na chai kwa sababu hawajui kupika. Mchumaji anayepanda mkarafuu tangu alfajiri kwa mkate na chai huchoka mapema, na aliyechoka juu ya mti ndiye anayeanguka. Chungu cha makande kikiwekwa mafigani asubuhi dagoni, na kijana mmoja akabaki kukitazama huku akichambua, wachumaji wakishuka mchana watakuta chakula cha watu. Mwenye shamba atakayefanya hivyo atapata wachumaji wenye nguvu, tena watakaorudi mwaka ujao.

Nne, mkutano wa kila tawi baada ya msimu uwe na chungu. Badala ya kununua soda na keki, mabibi wanaojua mofa na boko boko waombwe waje wapike mbele ya vijana, na walipwe kwa kazi hiyo kama anavyolipwa fundi ye yote. Maarifa yao hayamo katika kitabu. Yakizikwa, yamezikwa.

Twajua kwamba chungu hakitapandisha bei ya karafuu. Hakuna chungu kinachoweza hilo. Lakini mwenye chakula ndani anaweza kuanika karafuu zake mpaka zikakauka sawasawa, akazipeleka kituoni kwa daraja lake la haki. Mwenye njaa huziuza mbichi kwa magendo kabla jua halijazigusa. Baina ya watu hawa wawili, karafuu ni zile zile na shamba ni lile lile. Kinachowatofautisha kiko jikoni, na kila mwanachama anaweza kukianza kesho asubuhi, kwa kuroweka kunde usiku wa leo.